Mwanga humshuku mchakachuaji, haumhukumu

Habari hizi huja kwa sura moja. Watafiti wa chuo fulani wameunda kifaa kidogo cha kushika mkononi. Unakielekeza kwenye chupa ya mafuta ya kula, taa yake inawaka, na sekunde chache baadaye skrini inatoa jibu: halisi, au yamechakachuliwa. Usahihi, tunaambiwa, ni asilimia 99. Kichwa cha habari kinapambwa kwa neno “mapinduzi”, watu wanasambaziana, kisha kimya. Mwaka unaofuata kinatangazwa kifaa kingine kwa maneno yaleyale, na kile cha kwanza hakuna anayeuliza kiliishia wapi.

Sina ugomvi na fizikia. Kupima mafuta kwa mwanga ni elimu ya miaka mingi, na sehemu yake imo tayari ndani ya kanuni za biashara ya mafuta duniani. Ninachokipinga ni hukumu ya skrini. Kifaa cha mwanga hakijui mafuta halisi ni yapi. Kinachoweza kusema ni kama mafuta yaliyo mbele yake yanafanana na mengine ambayo mtu alishayapima zamani na kuyaamini. Ukilielewa hilo, swali la fedha nalo linageuka: tununue vifaa zaidi, au tukusanye kwanza sampuli za kuaminika za kuvilisha hivyo vifaa?

Zaidi ya asilimia 95 ya mafuta ya kula, yawe ya alizeti, zeituni, nazi au mawese, ni kitu kimoja kikemia: trigliseridi, yaani asidi tatu za mafuta zilizoshikizwa kwenye gliseroli. Kinachoyatofautisha ni urefu wa minyororo ya asidi hizo na idadi ya vifungo maradufu vya kaboni vilivyomo. Wakemia wana kipimo cha zamani cha kukadiria vifungo hivyo, thamani ya iodini, na viwango vya Codex, yaani kanuni za kimataifa za vyakula, vinaonyesha jinsi mafuta yanavyopishana: nazi ni kati ya 6.3 na 10.6, mawese 50 hadi 55, zeituni 75 hadi 94, soya 124 hadi 139. Asilimia chache zinazobaki ndizo zenye rangi, harufu na vitamini: klorofili, karotini, vitamini E na wenzake. Kwa hiyo mwanga una pande mbili za kuchungulia. Upande mmoja ni ule wingi wa trigliseridi, upande wa pili ni hayo makombo yenye rangi, na kila mbinu ina upande inaouona vizuri zaidi.

Mionzi ya infraredi, ambayo William Herschel aliigundua mwaka 1800 kwa vipimajoto na mche wa kioo, hutikisa vifungo vya kemikali. Kila kifungo kina mtikisiko wake. Kinanyonya mawimbi yanayolingana nao na kuyaacha mengine yapite. Ukichora kiasi kilichonyonywa kwa kila wimbi, unapata mstari wenye vilele na mabonde. Huo ndio unaoitwa spektra. Weka tone moja la mafuta ya nazi kwenye mashine ya infraredi, kisha tazama karibu na namba ya wimbi 3,006, yaani mawimbi 3,006 katika sentimita moja. Hapo ndipo hidrojeni iliyo kwenye kifungo maradufu hujitokeza. Kwa nazi mahali hapo ni karibu tambarare, maana vifungo hivyo ni haba. Changanya soya kidogo na kilele kinaanza kuinuka. Ongeza, nacho kinapanda. Kazi yote haichukui dakika mbili, haihitaji kemikali ya kutenganisha chochote, na tone lenyewe unalifuta kwa karatasi.

Mfano huo unapendwa sana kwenye maonyesho, na unastahili. Lakini mbadilishe mchakachuaji. Badala ya soya, mwenye akili ataingiza mafuta ya kokwa za michikichi. Haya thamani yake ya iodini ni kati ya 14 na 21, na asidi ya lauriki ndiyo karibu nusu ya mafuta yake, kama ilivyo kwa nazi. Kilele cha 3,006 kitainuka kidogo mno, kiasi ambacho nazi safi ya shamba jingine au ya aina nyingine ingeweza kukitoa yenyewe. Mashine ni ileile, mtaalamu ni yuleyule, ila jibu limekuwa gumu mara kumi. Ulaya wamehangaika miaka mingi na jambo la namna hiyohiyo: mafuta ya hazelnati, aina ya njugu, ndani ya mafuta ya zeituni. Asidi ya oleiki imetawala pande zote mbili, na hata kromatografia ya gesi, kipimo kinachoheshimika maabara kinachotenganisha kemikali moja moja, hupata shida kuyatenganisha kwa kuangalia asidi za mafuta peke yake. Basi mtu akikwambia kifaa chake kinagundua uchakachuaji, swali la kwanza ni: uchakachuaji wa nini kwa nini? Asipokuwa na jibu la moja kwa moja, hana kifaa, ana tangazo.

Jaribio linalonivutia kuliko yote halihitaji mashine. Ni leza ndogo ya zambarau, ya nanomita 405 (nanomita hupima urefu wa wimbi la mwanga, yaani rangi yake), na glasi nyeupe yenye mafuta (macho yawe mbali na mwale, tafadhali). Ndani ya mafuta mapya ya zeituni ya daraja la juu, yale yanayokamuliwa bila kemikali wala joto kali, mwale haubaki zambarau. Unageuka mwekundu tangu unapoingia, na kadiri unavyozama ndivyo unavyofifia, hadi upande wa pili wa glasi unatoka ukiwa hafifu au hautoki kabisa. Klorofili na feofitini, ambayo ni klorofili iliyopoteza magnesi yake, humeza zambarau na kurudisha mwekundu, karibu nanomita 670 hadi 680. Fanya hivyohivyo kwa mafuta yaliyosafishwa kiwandani: mwekundu haupo. Udongo wa kupausha umekwisha kuiondoa klorofili, na mara nyingi unachoona ni ubuluu hafifu unaotokana na mabadiliko ambayo joto na usafishaji vimeyaacha kwenye asidi za mafuta. Wataalamu huuita mng'ao huo fluoresensi, na mashine zao huupima kwa makini kuliko jicho, zikibadilisha rangi ya mwanga unaoingia na kurekodi kila rangi inayotoka.

Ni jaribio zuri, na ni rahisi kulitumia vibaya. Chupa ya zeituni halali iliyokaa dirishani hupoteza klorofili kwa jua, kwa hiyo wekundu wake hupungua bila mtu yeyote kuiba. Zeituni zilizovunwa mapema, zikiwa bado kijani, hutoa mafuta yenye klorofili nyingi kuliko zilizovunwa zikiwa zimeiva. Na mafuta mengine yasiyosafishwa, yenye ukijani wake wa asili, nayo hung'aa mwekundu. Wekundu basi unakwambia kuwa humo mna klorofili. Umetoka wapi, haukwambii.

Mwaka 2013 huko Taiwan iligundulika kampuni iliyokuwa ikiuza mafuta ya zeituni yaliyoongezwa mafuta ya bei nafuu, yakiwemo ya pamba, na kutiwa rangi ya kijani iitwayo klorofilini ya shaba. Ni rangi inayoruhusiwa kwenye baadhi ya vyakula, ila si kwenye mafuta ya kula. Kisa hicho kina somo la fizikia ambalo wengi hawakuligusa. Shaba ikikaa katikati ya molekuli ya klorofili, mahali pa magnesi, huzima ule mng'ao mwekundu. Jicho linaona kijani kizuri, lakini chini ya mwanga wa zambarau kijani hicho hakijibu inavyopaswa. Aliyeyatia rangi alikuwa anamhadaa mnunuzi anayeinua chupa na kuitazama dhidi ya dirisha. Hakuwa anafikiria leza. Siku atakapoifikiria, ataleta kitu chenye klorofili ya kweli. Kipimo chochote kinachotangazwa hadharani kinasomwa na pande zote mbili, na mchakachuaji husoma kwa bidii zaidi kwa sababu ndio mshahara wake.

Mwanga wa urujuanimno ndio uliotangulia kuingia kwenye kanuni. Mafuta ya zeituni ya daraja la juu hupimwa jinsi yanavyonyonya mawimbi ya nanomita 232 na ya karibu 270, na kipimo cha pili hakiruhusiwi kuzidi 0.22. Sababu yake ni nzuri: usafishaji wa kiwandani hupanga upya vifungo maradufu vya asidi za mafuta vikafuatana vitatu, na mpangilio huo hunyonya sana eneo la 270. Ukichanganya mafuta yaliyosafishwa na yale ya daraja la juu, namba inapanda. Ila inapanda pia mafuta yakizeeka. Kipimo cha 232, ambacho kikomo chake ni 2.50, kinaathiriwa hivyo zaidi, maana kinapanda kila mafuta yanapooksidika, yawe yamechanganywa au hayakuchanganywa. Mwaka 2010 Chuo Kikuu cha California, Davis, kilitoa ripoti kwamba asilimia 69 ya sampuli za mafuta ya zeituni yaliyoingizwa Marekani, yenye lebo ya daraja la juu, hazikufikia sifa za ladha na harufu za daraja hilo. Magazeti mengi yakaandika kuwa ni mafuta feki. Ripoti haikusema hivyo. Kati ya sababu ilizozitaja, pamoja na uwezekano wa kuchanganywa, zilikuwamo joto, mwanga, uzee na zeituni mbovu. Mafuta yaliyochoka na mafuta yaliyochanganywa ni makosa mawili tofauti, yanataka ushahidi tofauti, na kipimo kimoja cha mwanga mara nyingi huyaweka kapu moja.

Kuna mbinu ya Raman, ambayo binafsi naiona ndiyo yenye mustakabali mpana zaidi. Mwaka 1928 C. V. Raman na K. S. Krishnan, wakiwa Calcutta, walionyesha kuwa sehemu ndogo sana ya mwanga unaotawanywa na kimiminika hutoka na rangi iliyobadilika kidogo, na badiliko hilo hufuata mitikisiko ya molekuli. Raman alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1930. Sehemu hiyo ni ndogo kwelikweli, takriban chembe moja ya mwanga kati ya milioni 10. Lakini kwa leza na vihisi vya leo inasomeka, tena kupitia kioo cha chupa bila kufungua kizibo. Katika spektra ya Raman ya mafuta, kilele cha karibu 1,655 kinahesabu vifungo maradufu, na cha karibu 1,747 kinatoka kwenye vifungo vya esta, vile vinavyoshikiza asidi kwenye gliseroli, ambavyo kila trigliseridi inavyo vitatu. Gawa cha kwanza kwa cha pili na unapata kipimo cha wingi wa vifungo maradufu kisichojali sana kama leza ilikuwa na nguvu au kama kioo cha chupa kilikuwa kinene. Karotini nayo ina kilele chake karibu na 1,525, kinachoonekana waziwazi kwenye mafuta mekundu ya mawese yasiyosafishwa.

Kikwazo chake kinachekesha. Ule mng'ao wa klorofili tuliousifu kwenye leza ya zambarau ndio unaoharibu kazi hapa. Ukimulika mafuta ya kijani kwa leza ya nanomita 785, inayotumika kwenye vifaa vingi vya mkononi, fluoresensi inaweza kuifunika ishara ya Raman yote, ukabaki na mstari ulionyanyuka bila vilele vya maana. Dawa yake ni kuhamia leza ya nanomita 1,064, isiyoamsha mng'ao huo kwa urahisi, lakini hapo ishara inadhoofika na vihisi vinakuwa ghali zaidi. Kwa maneno mengine, kifaa cha bei rahisi hufanya kazi vizuri zaidi kwa mafuta yaliyosafishwa, na mafuta ambayo watu huyachakachua kwa faida kubwa ni yale yasiyosafishwa.

Infraredi ya karibu, kati ya nanomita 780 na 2,500, ndiyo iliyomo kwenye vifaa vingi vinavyotangazwa. Ni ya haraka na inapenya kioo. Vilele vyake ni vipana na vimelaliana, hakuna anayeweza kuvisoma kwa macho, hivyo kila kitu kinategemea hesabu za kompyuta. Na hesabu za kompyuta ndiko ziliko asilimia 99.

Tazama jinsi namba hiyo inavyozaliwa. Mtafiti ananunua mafuta ya aina mbili. Anayachanganya maabara kwa viwango vya asilimia 5, 10, 15 na kuendelea, anapima kila mchanganyiko mara kadhaa, kisha anagawa vipimo hivyo mafungu mawili: la kuifundisha modeli, yaani programu ya kompyuta inayotoa jibu, na la kuijaribu. Vipimo vya kujaribia vimetoka kwenye chupa zilezile zilizofundishia, siku ileile, chumba kilekile, mashine ileile. Modeli ikishinda mtihani huo, kilichothibitishwa ni kwamba inaweza kuzitambua tena chupa ambazo imekwisha kuziona. Ipe mafuta ya msimu mwingine, ya mbegu nyingine, ya kiwanda kingine, na namba inashuka. Imeshuka kiasi gani? Hilo ndilo swali ambalo makala nyingi hazikuliuliza, kwa kuwa kulijibu kunataka mamia ya sampuli zenye asili inayojulikana, na hizo hazinunuliki dukani. Zinatafutwa mashambani na viwandani, mtu akisimamia ukamuaji kwa macho yake mwenyewe.

Joto peke yake linatosha kukuangusha. Kipimo cha mwanga cha zamani na rahisi kuliko vyote ni refraktomita, kinachoangalia mwanga unapinda kiasi gani unapoingia kwenye mafuta. Kwa nyuzi 20 za Selsiasi, zeituni huwa karibu 1.468 hadi 1.470, na alizeti karibu 1.474. Tofauti ni kama 0.005. Ukiweka alizeti asilimia 10 ndani ya zeituni, namba inasogea kama 0.0005. Sasa, mafuta yakipata joto hutanuka, na namba hiyo hushuka kwa karibu 0.0004 kwa kila nyuzi moja. Kwa hiyo chupa iliyokaa mahali penye joto la nyuzi mbili zaidi imeshaufuta ushahidi wote wa uchakachuaji wa asilimia 10. Chupa ya baridi, nayo ikiwa safi kabisa, inashitakiwa. Refraktomita za maabara zinarekebisha joto na hilo si tatizo tena huko. Nimelitaja kwa sababu vifaa vya mkononi vya infraredi navyo vinaathiriwa na joto, ila humo athari imejificha ndani ya modeli ambayo mtumiaji haioni.

Tuseme basi kifaa ni kizuri kwelikweli: kinakamata 95 kati ya kila 100 zilizochakachuliwa, na kinazipitisha 95 kati ya kila 100 zilizo safi. Kimulike chupa 2,000, na tuseme 100 kati yake ndizo zilizochakachuliwa. Kitakamata 95. Zilizo safi ni 1,900, na kati ya hizo kitazishitaki 95 kwa uongo. Una chupa 190 zenye taa nyekundu, na nusu yake wenyewe hawana kosa. Mwenye duka aliyepigwa picha na mteja mwenye kifaa kama hicho, picha ikazunguka mitandaoni, hatapata nafasi ya kueleza hesabu hiyo. Hiyo ndiyo sababu ya mimi kutotaka vifaa hivi vigeuzwe polisi wa mnunuzi wa rejareja, hata siku vitakapokuwa bora kuliko vilivyo leo.

Ila itazame hesabu hiyohiyo kwa jicho la mwenye maabara. Badala ya kupima chupa 2,000 kwa kromatografia, kazi ya saa nyingi na kemikali nyingi, atapima 190. Tano zilizochakachuliwa zimempita, ndiyo, lakini 95 ziko mikononi mwake na zile safi 95 zitasafishwa jina ndani ya maabara, bila kelele. Mwanga umefanya kazi ya chekeche: umetenganisha za kutazamwa zaidi na za kuachwa zipite. Hakuna kipimo kingine kinachoweza kuifanya kazi hiyo kwa kasi ileile.

Mwaka 2020 watafiti wa chuo kilekile cha Davis walitoa matokeo ya kupima mafuta ya parachichi yaliyokuwa yakiuzwa Marekani. Angalau asilimia 82 ya sampuli zilikuwa zimeharibika kabla ya tarehe ya mwisho wa matumizi au zimechanganywa na mafuta mengine, na chupa tatu zilikuwa karibu soya tupu. Walitumia vipimo vya kemia. Lakini soya ndani ya chupa ya parachichi ni kisa chepesi kwa mwanga: thamani ya iodini ya parachichi iko chini ya 100, ya soya iko mbali juu yake, na mashine ya infraredi au Raman ingeinua bendera ndani ya dakika. Chupa zile hazikupita kwa kukosekana kwa teknolojia. Zilipita kwa sababu wakati huo hapakuwa na viwango vya kisheria vya mafuta ya parachichi vya kumbana muuzaji, na aliyepaswa kumulika hakuwepo.

Lipo pia jambo ambalo wapigia debe wa vifaa hulichanganya kila mara: ulaghai na sumu. Anayechakachua kwa faida lazima aweke kiasi cha maana. Asilimia 1 ya soya ndani ya zeituni haimlipi gharama ya usumbufu, kwa hiyo anaweka 10, 20, au zaidi, na kiasi hicho mwanga huwa unakiona. Sumu haina haja ya wingi. Delhi, mwaka 1998, mafuta ya haradali yaliyoingiwa na mafuta ya mbegu za gugu liitwalo Argemone mexicana yaliua zaidi ya watu 60. Miguu ilivimba, mioyo ikashindwa kazi. Hata asilimia 1 ya mafuta hayo inatosha kuleta ugonjwa. Kwa infraredi ya kawaida kiasi hicho kinapotea ndani ya tofauti za kawaida za haradali. Kwa bahati, sumu yenyewe, sanguinarini, hung'aa chini ya urujuanimno, kwa hiyo aliyeitafuta kwa fluoresensi anaweza kuipata. Lakini lazima awe ameitafuta hiyo.

Hispania mwaka 1981 ni kisa kigumu zaidi. Mafuta ya mbegu za rapa yaliyoagizwa kwa matumizi ya viwandani, yakiwa yametiwa kemikali iitwayo anilini ili yasiliwe, yalisafishwa kinyemela na kuuzwa kama mafuta ya kula, mengine yakiitwa ya zeituni. Watu zaidi ya 20,000 waliugua na zaidi ya 300 walifariki. Mabaki ya kikemia yanayohusishwa na maradhi yale yalikuwa kidogo mno, na hakuna spektra ya infraredi ambayo ingeyanyooshea kidole. Ila rapa si zeituni: ina asidi ya linoleniki karibu mara kumi zaidi. Mwanga usingeiona sumu, lakini ungeuona uongo wa jina, na anayeyazuia mafuta kwa sababu ya uongo amezuia na sumu iliyomo. Sharti ni moja, mafuta yapite mbele ya mtu mwenye mashine. Yale yaliuzwa mitaani na nyumba kwa nyumba, kwenye madumu yasiyo na lebo.

Kwa hiyo mahali pa mwanga, kwa maoni yangu, ni mlangoni mwa kiwanda na bandarini, pale mafuta yanapobadilisha mikono kwa maelfu ya lita. Chukua lori la lita 30,000. Lilipopakiwa, sampuli ilitolewa ikafungwa kwa lakiri. Njiani mtu amechota lita 3,000 na kujazia mafuta mengine. Hapo mpimaji hahitaji kujua zeituni zote za dunia zinafananaje. Anaipima sampuli yenye lakiri, anayapima yaliyomo ndani ya lori, kwa mashine moja na joto moja, na kuuliza kama ni mafuta yaleyale. Kulinganisha mafuta na nafsi yake ndiko mwanga usikoshindwa kirahisi, na asilimia 10 katika mazingira hayo ni tofauti kubwa. Taa ikiwaka nyekundu, lori linazuiwa, sampuli inagawanywa mara tatu, ya muuzaji, ya mnunuzi na ya maabara, kisha kromatografia inaamua. Kanuni iseme wazi kuwa kipimo cha mwanga kinatosha kusimamisha mzigo kwa muda, na hakitoshi kumtia mtu hatiani.

Kwa mafuta yasiyo na sampuli ya lakiri, yaani mengi yaliyoko madukani, hakuna njia ya mkato. Inatakiwa kanzidata ya spektra za mafuta halisi, ya kila zao, kila msimu, kila namna ya ukamuaji, ikiwa pamoja na yale halali yaliyochoka na yaliyokaa juani, ili modeli ijifunze uzee unafananaje na isiuite wizi. Iwe ya umma, siyo siri ya mwenye kifaa, ili mtu anayeshitakiwa aweze kuangalia alilinganishwa na nini. Na iongezwe kila mwaka, kwa sababu mbegu hubadilika: alizeti yenye oleiki nyingi, kwa mfano, imeisogeza alizeti karibu na zeituni kuliko vitabu vya zamani vinavyoonyesha, na modeli iliyofundishwa kwa alizeti ya kale itaipitisha ikidhani ni kitu kingine. Kazi hiyo ni ya kuzunguka mashambani na viwandani kukusanya chupa ndogo ndogo na kuandika lebo zake, miaka nenda miaka rudi. Haina skrini ya kuwaonyesha wageni wa heshima siku ya uzinduzi, na ndiyo maana katika bajeti huwa ya mwisho kukumbukwa.